Njia ya Pwani na Hesabu ya Kungoja

Mwalimu wa jiografia wa Salamabila hana vifaa vingi, ila uzi na ramani ya ukutani humtosha. Miaka yote niliyofundisha hapa niliwapa wanafunzi kazi ileile: shika uzi juu ya Salamabila, uvute hadi Kinshasa, utie fundo, kisha uvute hadi Dar es Salaam. Kila darasa lilibisha, likapima tena. Makao makuu ya nchi yetu na bandari ya nchi ya jirani ziko mbali nasi karibu sawasawa, kilomita 1,300 na ushei kila upande. Unguja iko karibu kidogo kuliko zote mbili. Hata saa inakubaliana na uzi: sisi tukiwa saa sita za mchana, Kinshasa ni saa tano na Dar es Salaam ni saa saba.

Ndege kubwa ya abiria hukata kilomita 800 kwa saa. Ingeondoka hapa mtu amekunywa chai, na kabla ya saa mbili kwisha angekuwa anaiona bahari. Ndege hiyo haipo, na wanafunzi wangu walijua haipo, lakini walipenda kuifanyia hesabu. Mimi nilipenda zaidi swali lililofuata, ambalo halimo katika programu ya wizara: zamani ilichukua muda gani?

Jibu la haraka ni miezi. Jibu hilo ni la kweli ila halisemi kitu. Nimesoma tarehe za wasafiri wa njia hii kwa miaka mingi, nikazipanga kwenye daftari, na kila nikizipanga naona jambo lilelile: waliotembea walitembea vizuri, kilichowala muda ni kungoja.

Chukua msafara wa kawaida wa karne ya 19. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo, akatoka Bagamoyo alfajiri, na kabla jua halijawa kali alikuwa ameshatua mzigo kambini. Kilomita kumi na tano kwa siku ni mwendo wa haki. Siku ya terekeza, maji yakiwa mbali, walitembea tena jioni. Kwa mwendo huo njia ya kutoka pwani hadi Ujiji, ukiongeza mizunguko yake, ni kazi ya miezi mitatu au minne. Lakini Waingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Tabora mwanzoni mwa Novemba, na Ujiji hawakuiona hadi Februari 1858. Mwingereza mwenzao Cameron aliondoka pwani Machi 1873. Alifika Nyangwe, kwetu Maniema, Agosti 1874. Muda ulikwenda wapi? Ulikwenda kwenye hongo, mtemi akidai nguo zaidi. Ulikwenda kwenye homa, kwenye wapagazi waliotoroka usiku, kwenye vita vya mtemi Mirambo vilivyofunga njia ya Tabora, kwenye mitumbwi ya kuvukia Ziwa Tanganyika ambayo mwenyewe yuko safarini. Anayesoma vitabu vya watu hao akitafuta simba hupitwa na kurasa nyingi za mtu aliyeketi mbele ya hema akiuliza kama ruhusa imetoka.

Katika elimu hiyo ya kungoja, mji wetu wa Kabambare ulimpata mwanafunzi mashuhuri kuliko wote. Mmisionari Livingstone aliondoka Ujiji Julai 1869, akavuka ziwa, akafika Septemba mahali alipopaandika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu. Kutoka ziwani hadi hapo kijana mwenye miguu mizima hahitaji miezi miwili, lakini mzee huyo hakuwa kijana. Alijaribu kwenda mbele kuutafuta mto Lualaba, mvua na ugonjwa vikamrudisha. Julai 1870 alirudi Kabambare na vidonda vya miguu vilivyofika kwenye nyama, akalala hapo hadi Februari mwaka uliofuata. Alikuwa anangoja miguu ipone, na alikuwa anangoja watu na barua kutoka Unguja. Karatasi zilimwishia. Aliandika juu ya magazeti ya zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mbegu za mimea ya hapa. Wino huo ulififia. Barua aliyoiandika Kabambare mwanzoni mwa Februari 1871 ilifika Uingereza, ila kuisoma yote kulingoja wataalamu wenye kamera za mwanga maalumu, waliotoa maandishi yake mwaka 2010. Katika daftari langu, upande wa barua, hakuna safari ndefu kuliko hiyo.

Watu aliowangoja, kumi tu, walifika Februari 4. Ndani ya wiki mbili aliondoka, na mwisho wa Machi alikuwa Nyangwe. Ona tofauti: karibu miezi saba ya kulala, wiki sita za kwenda. Huko Nyangwe, Julai 15, aliona watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake sokoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Baada ya hapo hakuwa na hamu ya kungoja mtumbwi tena. Aligeuka, akarudi Ujiji kwa miguu, akafika Oktoba.

Nasema "safari" na "misafara" kama watu wote walikuwa wasafiri. Wengi hawakuwa. Wazee wa Bangubangu na Bazimba waliwaita wavamizi Batambatamba, na jina hilo bado linatajwa vijijini kwa sauti isiyo ya sifa. Mwanamke aliyekamatwa huku akapelekwa pwani na kamba shingoni, juu yake jino la tembo, hakuna aliyemwandikia tarehe ya kuondoka wala ya kufika. Kilomita zake ni zilezile za Cameron. Daftari langu lina safu tupu kwa ajili yake, na nimeiacha hivyo makusudi ili mwanafunzi aulize.

Sasa nifike kwenye safari ninayoipenda kuliko zote, na ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya nianze daftari.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alijenga Kasongo miaka ya 1870 ikawa makao yake. Si Kasongo ya leo. Ni ile ya zamani tunayoiita Tongoni. Aliondoka Unguja kama mwaka 1870 na hakuiona tena hadi 1882, alipoteremka na pembe zake. Mtu huyu aliijua njia ya pwani kuliko yeyote, kila kituo, kila mtemi na bei yake. Februari 24, 1887, huko Unguja, alitia sahihi mkataba wa kuwa wali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya sasa, kwa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Ilibidi arudi Kongo. Je, alipita Bagamoyo na Tabora?

Hapana. Kesho yake alipanda meli iitwayo Madura, pamoja na msafiri Stanley na watu wake mwenyewe karibu mia, wake zake wakiwamo. Meli iliteremka kusini, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda upande wa pili wa Afrika, na Machi 18 ilitia nanga Banana, kwenye mdomo wa mto Kongo. Wiki tatu! Kutoka hapo walitembea kuzunguka maporomoko hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakapanda meli ndogo za mto, na katikati ya Juni Tippu Tip alikuwa Stanley Falls. Mtu aliyetaka kwenda magharibi alizunguka bara zima kwa kusini, njia iliyozidi ile ya nchi kavu mara kadhaa, akafika kwa muda usiotimia miezi minne. Hapo nilikuwa nawaambia wanafunzi waweke uzi chini, kwa sababu uzi haujui kwamba meli ya moshi haingoji hongo.

Kuna mwanafunzi mmoja, binti wa mchuuzi wa samaki, aliyeniuliza kwa nini basi Waarabu waliobaki Kasongo hawakuingiza bidhaa zao kwa upande huo. Swali zuri. Jibu ni kwamba upande huo ulikuwa na mwenyewe. Mto ulikuwa wa Leopold, na meli kama zile zilizomleta Tippu Tip ndizo zilizoleta bunduki za Dhanis, kamanda wa jeshi la Dola, miaka sita baadaye. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili 22. Sefu, mwana wa Tippu Tip, alikufa vitani Oktoba mwaka huohuo, na Januari 1894 mfanyabiashara mwenzao Rumaliza alishindwa na Kabambare ikatekwa. Baba mtu alikuwa ameshaondoka mwaka 1890. Alimalizia umri wake Unguja, akafa Juni 1905. Daktari wa jeshi la Dhanis, Sidney Hinde, aliikuta Kasongo ina mashamba ya mpunga na miwa, ina machungwa, mapera, mananasi, na nyumba zenye vitu ambavyo askari wa kizungu walikuwa hawajaviona tangu watoke kwao. Vitu hivyo vilikuja kichwani mwa watu kutoka pwani. Mpunga ulibaki. Maniema bado inaula.

Baada ya vita vile, uso wa nchi uligeuzwa. Wangwana wa Kasongo, watu wa utamaduni wa pwani, walikuwa wakitazama mashariki. Dola ilitaka watazame magharibi. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, ilianzishwa mwaka 1902. Ilijenga kipande cha kuruka maporomoko ya Stanleyville, Kisangani ileile, kwanza, kisha cha Kindu hadi Kongolo, kinachopita ng'ambo ya Lualaba mkabala na Kasongo, kituo cha Samba, na mwaka 1915 reli ya Kabalo ikafika ziwani, Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Upande wa pili Wajerumani walikuwa wamefikisha reli yao Kigoma mwaka 1914. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kutoka Maniema hadi Dar es Salaam bila kutembea ila kutoka kituo hadi kituo. Ila wakati huo ziwa lilikuwa la vita.

Hapo ndipo ndege zinaingia katika historia ya Maniema, na zinaingia kwa namna ambayo wanafunzi hawakuiamini: kwa treni. Mwaka 1916 Wabelgiji waliagiza ndege nne za majini, aina ya Short, kutoka Uingereza ili zikapige Kigoma na meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Ndege zilishushwa Matadi zikiwa ndani ya makasha. Zikapanda treni, zikapanda meli ya mto, zikashuka, zikapanda treni tena, zikapitia Kindu na Kongolo, na zilipofika karibu na Kalemie zikafunguliwa na kuunganishwa. Juni 1916 zikaruka juu ya ziwa na kuangusha mabomu. Kwa hiyo wapagazi wa Kindu waliibeba ndege kabla ndege haijambeba mtu yeyote wa Kindu. Wajerumani nao waliizamisha Götzen wenyewe walipokimbia. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuiita Liemba.

Miaka tisa baada ya makasha hayo, Mbelgiji Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville. Aliondoka Februari 12, 1925, akatua Aprili 3. Kilomita 8,124. Magazeti yalimshangilia, na alistahili. Lakini tazama hesabu yake: muda wa kuwa angani ulikuwa saa 75 tu, na safari ilikula siku 51. Zaidi ya siku 47 alikuwa chini: tufani, vipuri, panga la injini, uwanja uliojaa maji. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa maana ni Cameron huyo huyo, ila amevaa miwani ya rubani. Mwaka 1935 shirika la ndege la Ubelgiji, Sabena, lilipoanza safari ya ratiba kati ya Ubelgiji na Kongo ilichukua siku tano na nusu, na huo ndio ulikuwa ushindi wenyewe. Injini haikuwa na kasi ya ajabu kuliko ya Thieffry. Kilichobadilika ni kwamba kila walipotua, petroli ilikuwa imeshafika kabla yao.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza njia ya mashariki ilifunguliwa tena. Mkataba wa 1921 uliwapa Wabelgiji maeneo yao ndani ya bandari za Dar es Salaam na Kigoma, na bidhaa za mashariki ya Kongo zikawa zinapita huko. Wazee wa hapa walikuwa wanakumbuka baiskeli na cherehani zilizokuja "na Kigoma". Na watu nao walikuwa wameshatangulia zamani. Nenda Ujiji, nenda Buyenzi ya Bujumbura, nenda Kariakoo uulize Msikiti wa Manyema: utakutana na wajukuu wa watu wa huku, wengine waliokwenda kwa mguu wao na wengine waliopelekwa. Nilipofika Kigoma kwa mara ya kwanza mama mmoja wa Ujiji aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kabambare. Akaniita "mwanangu", akaniwekea ugali na migebuka, na akanisimulia kijiji ambacho hajawahi kukiona kwa majina ya mito yake. Alikuwa sahihi kuhusu Luama.

Sasa dhahabu. Salamabila ya leo ni mji wa Namoya. Bila machimbo yale tungekuwa kijiji cha njiani. Wachimbaji wadogo walikuwapo na wapo. Kampuni ya Kanada, Banro, ilileta mitambo mikubwa, ikaanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Kwenye karatasi zake iliandika kwamba Namoya iko kilomita kama 225 kusini-magharibi ya Bukavu, na ni kweli, kwa ndege. Kwa lori ni kuteremka Uvira, Fizi, Lulimba, na huko kwenye udongo mwekundu masika yakianza malori hupanga foleni ambayo dereva huianza akiwa na kuku na kuimaliza bila kuku. Kisha kukawa na vita vya wanamgambo wa Mai-Mai, utekaji wa wafanyakazi, na Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Sitaki kuingia humo. Wengine wameandika vizuri kuliko mimi, na wengine wameandika bila kufika.

Ninachojua ni kwamba dhahabu na abiria hawana ratiba moja. Dhahabu huwa nyepesi kusafiri: inaingia mfukoni mwa mchuuzi, kesho iko Bukavu au Bujumbura. Mama mwenye uchungu uliokwama hupakiwa kwenye moto, yaani pikipiki, mbele dereva, nyuma shemeji anayemshikilia, kuelekea Kasongo, zaidi ya kilomita 100. Niliwahi kungoja ndege ndogo Kasongo, sitataja ya nani. Ilisemekana itakuja asubuhi. Tulikaa chini ya mwembe na mabegi yetu, tukanunua karanga, tukazijua habari za ndoa za kila mmoja, na jioni msimamizi akaja akatuambia kwa upole kwamba ndege ilifika Kindu ikageuka. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni kilomita kama 240 kwa barabara. Mzee mmoja wa baiskeli, wale wanaosukuma mitungi ya mawese hadi Kindu, alikuwa amepumzika pembeni akitusikiliza. Alifunga kamba zake, akaaga, akaanza kusukuma. Sikuuliza nani kati yetu alifika kwanza, kwa sababu nilijua.

Leo anayetaka kutoka Salamabila kwenda Dar es Salaam ana njia gani? Wenye pesa walikuwa wanakwenda Kindu, wanaruka hadi Goma, wanavuka mpaka, wanaruka tena. Januari 2025 Goma ilitekwa na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Februari ikafuata Bukavu. Wachuuzi wetu hawakukaa kulia. Walipiga simu. Moto hadi Fizi au gari hadi Kalemie, boti hadi Kigoma, kisha treni, basi, au ndege ya kwenda Dar es Salaam ambayo inamaliza kipande hicho kwa muda wa saa mbili hivi. Chukua kalamu uandike vituo hivyo kwa mpangilio: Kabambare, ziwa, Kigoma ambayo Ujiji imo ndani yake, Tabora, pwani. Ni orodha ya wapagazi, bila kukosa jina. Hongo pia ipo, siku hizi ikiitwa kizuizi, na bei yake bado inategemea sura ya aliyekaa kwenye kamba.

Tanzania, Burundi na Kongo zimekubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza kwenda Musongati na Gitega, na kwenye mchoro mstari unaendelea: Bujumbura, Uvira, na mwisho wake wameandika Kindu. Habari hiyo imefika hapa sokoni, na wachuuzi wa mchele wameshaanza kugombana kama kituo chetu kitakuwa Kasongo au Wamaza. Mmoja amenijia nyumbani na daftari lake mwenyewe, akitaka nimpigie hesabu ya gunia moja hadi Dar es Salaam kwa treni hiyo. Nilimpigia. Kisha nikamwomba anipe na hesabu ya gunia hilohilo kutoka dukani kwake hadi kituoni, kwa barabara ilivyo Novemba, na bado tunabishana juu ya hiyo ya pili.